Kontrola Ikizima Friza, Usiiruke

Mwezi jana tulipigiwa simu na kituo kimoja cha utafiti upande wa ziwa. Daktari anayekisimamia hata hakungoja salamu. "Fundi, mlituuzia betri mbovu. Mliziweka Agosti, Krismasi haijafika na zimekufa." Ni mara ya tatu mwaka huu tunaambiwa hivyo, na mara zote tatu ni kituo cha mashambani, mbali na laini ya stima, chenye sampuli ndani ya friza na mhasibu Nairobi anayeuliza mbona fundi wa Kisumu ni ghali. Daktari ana haki ya kukasirika, maana pesa ni za mradi na zina mwenyewe. Lakini betri zile hazikuwa mbovu, na nataka kila mteja wetu ajue ziliuawa na nini.

Tulikuwa tumemfungia betri mbili za sola za 12V, ampea-saa 200 kila moja. Ukipiga hesabu ni uniti 4.8 za stima, uniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Lakini betri ya asidi haitaki kumalizwa. Ukitumia nusu na kuirudishia kukipambazuka, itakuhudumia miaka kadhaa. Ukiikausha kila usiku, hesabu miezi. Kwa hiyo za kutumia zilikuwa uniti 2.4, na ndivyo tulivyopanga: friza ndogo ya DC, inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, taa nne, kompyuta mbili za kupakata. Mpango ule tuliuandika kwenye karatasi tukaubandika ukutani juu ya kontrola, kile kisanduku kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri kutoka paneli na unaotoka kwenda kwenye vifaa.

Nilipofungua mlango wa chumba cha betri, karatasi ilikuwa bado ipo. Chini yake, kwenye vichwa vya betri, kulikuwa na vibanio viwili vyekundu na viwili vyeusi ambavyo si vyetu. Jozi moja ilikwenda kwenye inveta ndogo, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, ya televisheni na simu za vijana wa kituo. Jozi ya pili ilikuwa ya friza yenyewe. Fyuzi yetu ilikuwa imetolewa, na mahali pake pamesokotwa uzi wa shaba.

Mzee wa stoo alinieleza bila kuficha, na namshukuru kwa hilo. Televisheni ilikuja kwanza. Mvua za Oktoba zilipoanza, jua likawa haba, na kontrola ikaanza kuzima friza saa nane za usiku. Akaambiwa na fundi wa redio pale sokoni kwamba kontrola imeharibika, airuke tu, aunge moja kwa moja kwenye betri. Akaruka. Friza ikawaka. Kila mtu akafurahi kwa wiki sita.

Hapa ndipo wateja wengi wanapopotea. Kontrola inapokata umeme haijaharibika, inakulindia betri. Betri ya 12V iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.7. Ikifika 12.2 umeshatumia nusu. Kontrola hungoja mpaka ishuke karibu na 11 ndipo ikate, na hapo tayari imekuvumilia sana. Ukiiruka, hakuna wa kukwambia basi. Friza itanyonya kupita pale ambapo kontrola ingekata, na ndani ya betri bamba za madini ya risasi zinavaa ukoko mweupe wa salfeti. Ukoko ule ukikaa siku nyingi hugeuka mgumu, na chaji haiuondoi tena hata ukileta paneli za kufunika uwanja mzima.

Nilifungua vifuniko nikamulika kwa tochi. Vyumba vitatu vya ndani ya betri ya kwanza, vile vya kutia maji, vilikuwa vimekauka mpaka bamba zinaonekana vichwa. Vingine vilikuwa na maji ya rangi ya chai. Nikauliza maji yametoka wapi. Kwenye tanki.

Maji ya tanki, ya kisima au ya ziwa yana chumvi na chuma, na betri haivisamehi. Inataka maji safi yasiyo na madini, yale ya chupa yanayouzwa kwa ajili hiyo. Na uwe mwangalifu dukani: ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Soma chupa. Asidi haiongezwi kwenye betri inayofanya kazi, kwa sababu kinachokauka ni maji tu. Ongeza baada ya kuchaji, mpaka bamba zifunikwe, usijaze mpaka shingoni.

Daktari aliniuliza kama anaweza kununua betri moja sasa na ya pili bajeti ikitoka. Nilikataa kumfungia, na najua hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Betri mpya ikiunganishwa na mgonjwa hutumia nguvu zake kumlisha mgonjwa, na baada ya muda unakuwa na wagonjwa wawili. Mwaka wa 2021 tulikubali kufanya hivyo kwa mteja mmoja upande wa Kakamega kwa sababu alitusihi. Alirudi kabla ya mwaka kuisha akilaumu betri mpya, na sikuwa na la kumjibu kwa sababu mkono uliofunga ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo hatufanyi.

Sasa bei. Tunaambiwa kuna fundi anayefunga kazi kama yetu kwa nusu. Yupo, na nimefuata nyuma yake mara nyingi. Tofauti huwa kwenye waya. Anatumia wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumba, kutoka betri hadi friza iliyo mita tano. Friza ikivuta ampea 10, robo tatu ya volti inapotelea njiani, friza inadhani betri imeisha na inazima betri ikiwa na nguvu. Sisi tunaweka wa milimita za mraba 10. Shaba ni ghali, sikatai. Kisha kuna safari: Kisumu hadi Ndori, tuteremke Luanda Kotieno, feri ya Mbita, halafu boda na sanduku la vifaa mgongoni. Siku imekwisha kabla sijashika bisibisi. Ndiyo maana ziara yetu inajumuisha kila kitu: kukaza vichwa vya betri na kuvipaka grisi, kupima kila chumba cha ndani ya betri kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, kuosha paneli, kusafisha mgongo wa friza. Kando ya ziwa wadudu wale wanaopanda kama moshi hufuata taa usiku, wakafa na kuziba feni ya inveta mpaka inaungua. Nimewatoa kwa kijiko.



Daktari alinunua zote mbili. Televisheni tuliipa paneli yake na betri yake ndogo, kwa sababu vijana wanaoishi porini miezi mitatu wanahitaji mpira wao, na ukiwanyima watarudi na vibanio. Mzee wa stoo tulimwachia mita ya mkono na daftari la kurasa 96. Kila asubuhi, kabla jua halijagonga paneli, anapima na kuandika. Juzi alinitumia picha ya ukurasa kwa simu: 12.5, 12.5, 12.4, 12.3. Siku ya tano ameandika 12.1, na pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Mvua siku tatu. Nimezima kompyuta zote. Friza iko sawa."