Ng'ombe nimemla, mkia nusura unishinde

Mpendwa Tumaini,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Mara ya mwisho uliniuliza bia yangu imefikia wapi, nikakujibu kwa mkato kwamba imebaki kutia kwenye chupa tu. Hilo neno "tu" nalifuta leo. Kupika kulinichukua nusu siku, kuchachuka ilichachuka yenyewe mimi nikiwa nimelala, lakini hiyo kazi ya chupa ndiyo iliyonitoa jasho, na nusura niharibu yote kwa sababu ya sufuria moja.

Bia ilikaa kwenye ndoo wiki mbili na siku kadhaa. Povu lilishatulia na kile kizibo cha kutolea hewa kilikuwa hakitoi hata kiputo, ila nilishaambiwa kwamba viputo kunyamaza si ushahidi. Shahidi ni hidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji: sukari ikiliwa, namba inashuka. Siku ya kupika ilisoma 1.048. Alhamisi ikasoma 1.010, na Jumamosi 1.010 ileile. Ikisimama hivyo siku mbili tatu ujue hamira imemaliza sukari iliyokuwa inaiweza. Ukitoa namba ya pili kwenye ya kwanza, ukazidisha kwa 131, unapata kileo cha asilimia 5 hivi. Nikaonja kilichobaki kwenye kipimo. Bia kweli, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa wakati wa kupika, upo, lakini imelala doro kama soda iliyoachwa wazi usiku kucha.

Chupa nilikuwa nazo 40 za nusu lita, zote za kahawia, kwa sababu mwanga ukiipata bia yenye hopsi inanuka kicheche. Kuziosha usiniulize. Lebo niliziloweka usiku mzima na bado gundi iling'ang'ania. Moja ilikuwa na ukungu mkavu chini kabisa, mahali ambapo brashi haifiki; nikahangaika nayo robo saa kisha nikaitupa. Wewe ukinywa chupa yako isuuze palepale, usinifanyie kama hao walionipa hizi. Baada ya kuosha ndipo inapokuja dawa ya kuua vijidudu, maana dawa haipenyi uchafu. Yangu ni ile isiyosuuzwa, na inaacha povu ndani ya chupa. Mkono wangu ulikuwa unakwenda bombani wenyewe. Shemeji yako akaniuliza, "Si umesema mwenyewe isisuuzwe?" Nikaacha.

Sasa njoo kwenye sukari, maana hapo ndipo palipo na kisa. Ndani ya hiyo bia doro bado kuna hamira hai, nyingi tu, ingawa huioni. Ukiipa sukari kidogo kisha ukaifungia kwenye chupa, inakula na kutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea inayeyukia humohumo ndani ya bia. Ndiyo inayokuja kupiga mlio siku unapofungua. Ikipungua sukari, unakunywa doro. Ikizidi, chupa inaweza kupasuka yenyewe kabatini. Mimi nilipima gramu 125 kwa lita 19, yaani kama gramu 6 na nusu kwa kila lita, nikachemsha na maji dakika chache, nikapata shira ya mililita 450. Nikaifunika jikoni ipoe. Mpango ulikuwa kuimimina kwanza kwenye ndoo ya pili, ile yenye koki, halafu bia iingie juu yake kwa mpira, polepole, ijichanganye yenyewe.

Mpira ukakataa kuvuta. Nikaujaza maji, nikabana, nikaachia, nikalowa miguu. Ulipokubali, akili yangu yote ikawa kwenye jambo moja: bia isiruke, isipige povu, maana ikishachachuka hewa ni adui yake na inaifanya iwe na ladha ya maboksi yaliyolowa. Nikapiga magoti nimeshika ncha ya mpira chini ya ndoo kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Lita zote 19 zikaingia bila kelele. Nikajipongeza.

Halafu nikaanza kujaza. Tumaini, hakuna kitu kitamu kama ule mrija wenye springi nchani! Unaukandamiza kwenye kitako cha chupa, bia inapanda kutoka chini. Ikifika mdomoni unauchomoa, na palipokuwa na mrija panabaki wazi vidole viwili, kipimo kilekile kinachotakiwa. Unapachika kizibo juu bila kukibana, unashika nyingine. Nilikuwa nimefika chupa ya 11, napiga mluzi, shemeji yako akachungulia kutoka jikoni na sufuria mkononi.

"Hii yenye maji mazito niioshe?"

Mluzi ulikatikia hapohapo. Najua utasema haraka haraka haina Baraka, na utani huo nimeshausikia nyumbani wiki nzima, kwa hiyo uhifadhi.

Wazo la kwanza lilikuwa kurudisha zile 11 kwenye ndoo. Lakini kuzimimina ndiko kuzitia hewa niliyoikimbia kwa magoti. Wazo la pili, kumwaga shira yote kwenye ndoo na kuziacha zile 11 zife doro. Hapo nikasimama, nikachukua kalamu. Ndoo ilikuwa imebaki na lita 13 na nusu. Shira yote ikiingia humo inakuwa zaidi ya gramu 9 kwa lita, na hizo ni chupa ambazo nisingependa zilale chumba kimoja na mimi. Hesabu ikanipa mililita 320 kwa ndoo, na 130 zilizobaki zigawanywe kwa 11, karibu mililita 12 kila chupa. Kulikuwa na bomba la sindano jipya kwenye sanduku la dawa, halijafunguliwa. Nikaling'oa sindano, nikalitia dawa, nikaanza kuzipa dozi moja moja. Shira ni nzito kuliko bia. Unaiona inashuka kama uzi, inajikunja, inalala chini. Zote 11 nimezitia alama ya X ya kalamu nyekundu. Ndoo nayo nikaikoroga taratibu kwa mwiko uliotiwa dawa, nikaendelea, safari hii bila mluzi.

Kuziba kulikwenda haraka. Mashine ni ile ya mikono miwili: unaweka kizibo, unashusha mikono yote kwa pamoja, unasikia kinabana. Kizibo chenyewe, kile cha bati chenye meno 21, ni ubunifu wa Mmarekani William Painter wa mwaka 1892, na mwanzoni meno yalikuwa 24. Nimeyahesabu kwa kidole, ni 21 kweli. Chupa moja ilinivunjikia shingo. Nilipoitazama vizuri nikakuta mdomo wake una hesi, ni ya vizibo vya kuzungusha, na hizo hazifai kwa mashine hii. Ilikuwa imejificha katikati ya wenzake.

Mwisho wa yote nilikuwa na chupa 36, na masalia niliyoyatia kwenye kichupa cha plastiki cha soda. Hicho cha plastiki ndicho kipimo changu: kila asubuhi nakibonyeza. Siku ya nne kilikuwa bado kinabonyea. Siku ya saba kilikuwa kigumu kama jiwe. Chupa nyingine zimo kwenye kreti, zimefunikwa blanketi nzito, chumba chenye joto la nyuzi 20 hivi, na usiku nikisikia chochote kikilia nyumbani nakaa kitandani nasikiliza.

Jana, siku ya nane, uvumilivu ukanishinda nikafungua moja isiyo na alama. Ilisema "tss", ndogo, kama mtu anayemwita mwenzake kanisani. Povu lilikaa dakika moja likaondoka. Utamu wa sukari bado upo kwa mbali, hamira haijamaliza. Nami kwa pupa nikamimina hadi tone la mwisho, mashapo ya kitako yakaja yote, glasi ikawa na ukungu. Unatakiwa uache kama kidole kimoja chini. Lakini ilikuwa bia, nimeitengeneza mimi, na shemeji yako aliimaliza kabla yangu.

Zenye X sijazigusa. Zinatimiza wiki mbili Jumamosi ijayo, nazo nitazifungua ukiwepo, nje ya nyumba, wewe ukiwa umeshika kifungulio na mimi nimesimama mbali kidogo. Uje na chupa tupu ulizonazo. Za kahawia, zimesuuzwa, na mdomo upapase kwanza kwa kidole kama una hesi.

Wako,
Baraka