Pikipiki iliyolala miaka imewaka na inagonga: tunasikiliza nini kabla ya kufungua injini

Msimu wa karafuu ukikaribia, gereji yetu hapa Wete, Pemba, hujaa pikipiki zilizotolewa uani. Nyengine mwenyewe alisafiri Maskati akaiacha, nyengine ni ya marehemu baba, na sasa vijana wanataka chombo cha kupakia magunia hadi kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Ikiwaka, nyumba nzima hufurahi. Halafu unasikika mlio, tik-tik-tik juu au ko-ko-ko chini, na mwenyewe anakuja kwetu akiamini injini imekufa.

Mara nyingi haijafa. Ombi letu kwa wateja ni moja: hedi, yaani kichwa cha injini, isifunguliwe mpaka ijulikane mlio unatoka wapi.

Bwana mmoja wa Konde alituletea Honda CG125 iliyokaa bandani muda mrefu. Alishaambiwa ni tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, zikakazwa, zikakazwa tena, mlio uko palepale. Tulipoinama kwenye shingo ya ekzosi tukaona masizi meusi yamepanda hadi kwenye mapezi ya hedi. Injini ikiwa bado baridi tulipaka povu la sabuni pale kwenye maungio, tukapiga kiki. Povu likawa linapasuka sawasawa na ule mlio, tik kwa tik. Gasketi ya ekzosi ilikuwa imeliwa na kutu, moshi unavujia hapo. Ikatiwa gasketi mpya, kimya.

Kilichotusikitisha ni zile tapeti. Kipimo cha CG125 ni 0.08 mm, valvu ya kuingiza na ya kutoa, injini ikiwa baridi. Zake hazikuwa na nafasi hata ya kupitisha karatasi. Valvu iliyokabwa namna hiyo haifungi vizuri, na ile ya kutoa moshi huungua. Mtu angepanda milima ya huku kwetu na gunia nyuma, angerudi na injini isiyo na kompresheni. Tapeti inayosikika kidogo ina usalama kuliko iliyonyamazishwa kwa kukazwa.

Injini iliyolala inapatwa na mambo matatu. Oili yote hushuka chini, sehemu za juu zikabaki kavu. Hewa yetu ya bahari, yenye unyevu na chumvi, huingia kupitia ekzosi na valvu iliyobaki wazi, ikapiga kutu silinda na beringi. Na petroli hugeuka kuwa gundi ndani ya kabureta. Kila mojawapo ina mlio wake.

Mlio wa juu wa sekunde chache baada ya kuwasha usikutishe, oili bado inapanda. Ukiendelea, fungua kifuniko cha tapeti uone kama oili inafika. Haifiki? Zima, tafuta njia iliyoziba au pampu, usiguse kitu chengine kwanza. Inafika? Ndipo upime tapeti kwa geji. Kwa injini zenye cheni ya taimingi, sikiliza pia ubavuni: cheni iliyolegea, au kikazio chake kilichoganda, hukwaruza zaidi unapoachia mafuta.

Mlio wa upande wa klachi una jaribio jepesi. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kuongezwa mafuta, vuta mkono wa klachi. Mlio ukipotea au ukibadilika, shida iko kwenye klachi, wala haina haraka.

Pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi, kisha hupungua ikipata moto. Beringi za kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, zikiwa na kutu huvuma, na mvumo unapanda kadiri unavyoongeza mafuta. Na ukisikia mchakacho kama kokoto ndani ya kopo pale tu unapopanda mlima, petroli ya zamani ni ya kushukiwa mwanzo. Imwage yote, safisha kabureta, tia mpya, ndipo uhukumu.

Mlio wa kuogopa ni ule mzito wa kugonga chini, unaozidi injini ikibebeshwa mzigo. Tapeti hugonga mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, lakini konrodi, mkono unaounga pistoni na kranki, ikilegea hugonga kila mzunguko, kwa hiyo mlio wake ni wa haraka na unausikia hadi miguuni. Tunachukua bisibisi refu, ncha tunaigusisha kwenye bolti za injini, mpini kwenye mfupa wa sikio, tunahama bolti hadi bolti mpaka pale unapopiga kwa nguvu. Ukijaribu nyumbani, kaa mbali na cheni na magurudumu, na usivae kanzu wala mtandio.

Kisha tunamwaga oili kwenye sahani safi na kupitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyovihisi kwa kidole, hapo hatuwashi tena. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji, na lazima ibadilishwe kabla ya kutafuta mlio wowote.

Wenye vespa za zamani za tu-stroki, kumbukeni injini yenu haina valvu za hedi wala tapeti, hivyo asikutozeni mtu kwa kuzirekebisha. Sili za kranki zilizokauka ndizo adui: injini huvuta hewa na kulia juu bila kushuka. Vespa aina ya PX isiyo na pampu ya oili inataka mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Ukisahau, pistoni itakwama.

Kuna wanaotia oili nzito sana ili mlio ufichike wakati wa kuuza. Hatufanyi kazi hiyo hata mteja akituomba, kwa sababu anayenunua ni mtu wa hapahapa na atapakia mtoto wake nyuma.

Kama mlio wako ni ule mzito wa chini, usiiendeshe kuja kwetu. Konrodi ikikatika hutoboa bloku, na kazi ya kranki inakuwa kazi ya injini nzima. Ipakie kwenye gari, na usimwage oili iliyomo. Tunataka kuiona kama ilivyo.