Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu: Mama alirudishwa kwa sababu ya kidole

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu sisi wa vijijini, huku Magharibi mwa Kenya. Nimeshaacha barua mbili katika ofisi ya msimamizi wa wadi zikufikie na sijapata jibu, ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu wote. Sikutaka tufike hapa. Lakini Alhamisi iliyopita mama yangu alirudishwa nyumbani bila dawa kutoka hospitali iliyo chini yako, na tangu siku hiyo sipati usingizi.

Mama ana miaka 79. Ana presha, ana sukari, na magoti yake hayakunjiki tena. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa bodaboda, Sh250 kwenda na Sh250 kurudi, mimi nimekaa nyuma yake nimemkumbatia asirushwe na mashimo. Saa moja tulikuwa kwenye foleni. Tulifika dirishani saa tano na nusu. Karani akasogeza kile kimashine cha bima, mama akaweka kidole gumba cha kulia. Kikakataa. Cha kushoto, kikakataa. Akaambiwa akipanguse kwenye nywele kipate mafuta kidogo. Mama akavua kitambaa chake mbele ya umati ule, yeye ambaye hata sisi watoto wake hatujawahi kumwona kichwa wazi nje ya nyumba, akapangusa kidole. Kikakataa. Vilijaribiwa vyote kumi.

Mheshimiwa, mikono ile ilipalilia miwa ya watu zaidi ya miaka thelathini. Mpini wa jembe umeisugua mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kama jiwe la mtoni. Mistari ya kusomwa na mashine imekwisha, na ilikwisha akitusomesha. Mama alinigeukia akaniuliza kwa lugha yetu: kwani mashine inasema nimekufa?

Sikuwa na la kumjibu. Karani alisema bila kidole mfumo haufunguki, turudi Jumatatu, anayeshughulika na mambo hayo huenda akawepo. Kitambulisho alikuwa nacho mkononi. Kadi ya kliniki alikuwa nayo, yenye vipimo vya presha vya miaka sita. Malipo ya mwaka yalikuwa yamelipwa. Nilihangaika kuyapata, kwa sababu tangu bima ya afya ya zamani, NHIF, iondoke na ile mpya ya SHA kuingia tarehe 1 Oktoba 2024, sisi tusio na mshahara kiwango chetu cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, lakini hudaiwa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani Sh3,600. Nilizikopa kwenye chama chetu cha akiba. Mimi ni fundi wa nguo, na siku ya kliniki cherehani hailii.

Kuna jambo jingine nilisita kuliandika. Mama mwenyewe amenikubalia niliseme. Choo cha wagonjwa wa nje kiko ng'ambo ya uwanja, nacho ni cha kuchuchumaa. Mama hawezi kuchuchumaa. Alijizuia tangu asubuhi, na tulipokuwa bado tunabishana pale dirishani alishindwa. Nilimfunga leso yangu juu ya leso yake tukatoka. Njiani hakusema neno hata moja, na siku mbili zilizofuata hakutaka kutoka nje kuota jua.

Sijui kosa ni la nani hasa. Pengine karani hakuelekezwa la kufanya kidole kinapokataa. Pengine wanaogopa kwamba wakimhudumia mtu bila kidole, hospitali haitalipwa. Nimesikia pia kwamba mashine ni moja na ina ufa. Mimi nadhani ni woga wa kutolipwa zaidi ya kitu kingine chochote, maana yule kijana hakuwa mtu mbaya, hata yeye alionekana kuona aibu. Lakini liwe kosa lao au lako, mwisho wake ni mmoja: mgonjwa aliyeishiwa dawa alirudi na mikono mitupu. Nilinunua vidonge kumi kwenye duka la dawa kwa pesa za unga. Hivyo kumi vinakwisha kesho kutwa.

Mwaka jana ulikuja kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi kukabidhi vitanda. Nilikuwepo, safu ya tatu, chini ya mwembe. Ulituahidi kwamba wazee watapata dirisha lao na siku yao ya kliniki, na kwamba yote yatakuwa tayari kabla ya Krismasi. Tulikupigia makofi, mama akiwemo. Krismasi imepita. Kilichopo ni karatasi ukutani inayosema wazee wahudumiwe kwanza. Imebanduka pembe moja, na hakuna anayeitazama.

Tena wewe ni msomi, unaijua Katiba kuliko mimi. Kifungu cha 57 kinataka mzee aishi kwa hadhi na heshima, apate matunzo kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Familia ipo, Mheshimiwa. Mimi hapa. Nimemshika mgongoni kwenye bodaboda, nimemfua, nimemkopea. Naiuliza ile nusu ya pili ya sentensi iko wapi. Na hospitali zilikabidhiwa kaunti, kwa hiyo tafadhali usituelekeze Nairobi.

Jirani yetu mmoja, mzee wa miaka 83, alichoka na safari hizi akaacha kwenda. Dawa ya presha haipatikani kwenye zahanati yetu iliyo mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, ingawa tuliambiwa sheria mpya za afya za Oktoba 2023 zilileta matibabu ya bure katika zahanati na vituo vya afya. Mhudumu wa afya ya jamii humpitia na ule mkoba wake, anampima, anaandika namba kubwa, anamsihi aende hospitali. Dawa hana ya kumpa. Vile vijiti vya kupimia sukari navyo vilikwisha zamani. Machi mzee akapigwa na kiharusi. Sasa amelala upande mmoja. Anayemgeuza ni mjukuu wake wa Kidato cha Pili, na siku ambazo mpira wa mkojo unatakiwa kubadilishwa wanambeba kwa blanketi mpaka barabarani, msichana hakanyagi shule. Hakuna muuguzi aliyewahi kufika pale nyumbani. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule namna ya kumgeuza mtu mzito bila kujiumiza, wala afanyeje na vidonda vya mgongoni.

Mzee hupata zile Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa Serikali kwa wazee, zikija. Piga hesabu wewe mwenyewe: gari moja la kukodi mpaka hospitalini ni Sh1,500.

Wazee hawa ndio waliobaki na watoto ukimwi ulipofagia nyumba zetu. Mama peke yake alilea mayatima wanne wa dada zangu wawili, na wote wanamwita kukhu, yaani nyanya, wote walimaliza shule. Hakuna aliyemwomba kidole alipokuwa anawapikia.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi: dirisha la wazee, choo cha kukalia, dawa ya presha na ya sukari ikae zahanati, muuguzi wa kuzunguka nyumbani kwa waliolala. Yote nayataka bado, na sitaacha kuyadai. Lakini najua utaniambia bajeti. Basi naomba hili moja ambalo halina bajeti. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa hospitali zako zote leo, useme mzee mwenye kitambulisho asirudishwe kwa sababu ya kidole. Apimwe, apewe dawa, kisha nyinyi mbaki mkizozana na mashine.

Jumatatu tulirudi kama tulivyoambiwa. Anayeshughulika hakuwepo. Tumepewa Alhamisi hii. Nimemtafutia mama nepi ya watu wazima kwa ajili ya safari, ameitazama akaiweka chini ya mto bila kusema kitu. Tutakuwa dirishani saa moja asubuhi, yeye amefunga kitambaa cha buluu. Naomba apokewe.

Wako kwa heshima,
Binti yake wa mwisho