Mwanangu, kabla hujaondoka kwenda Beirut

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kaka yako kaniambia tiketi imeshatoka na Jumapili unaondoka. Nimefurahi, na usingizi umenipaa. Vita vya huko naviogopa kama mzazi yeyote, lakini kinachonikosesha raha zaidi ni lile neno ulilosema kwenye simu: kwamba akitokea kiongozi mmoja mwenye nia njema na jeshi nyuma yake, kazi ya wanaharakati ni kumuunga mkono. Wiki nzima linanizunguka kichwani.

Unakwenda kuandika tasnifu juu ya wakomunisti wa nchi za Kiarabu. Basi anzia hapo hapo. Wairaki walianzisha chama 1934, katibu wao Fahd akanyongwa 1949, na bado wakakua mpaka 1959 wakawa wanazijaza barabara za Baghdad. Nguvu yote hiyo wakaiegemeza kwa Abdul Karim Qasim, mwanajeshi aliyekuwa akitawala Iraki. Februari 1963 Baath, chama cha wazalendo wa Kiarabu, ilipompindua, waliwindwa nyumba kwa nyumba. Na baada ya damu ile, 1973 wakaingia kwenye umoja na Baath hiyo hiyo! Haikufika miaka kumi wakawa wanauawa tena. Hapo ndipo nataka ukae, uulize kwa nini.

Sudan nako vivyo hivyo. Nimeiri, mwanajeshi, alichukua nchi Mei 1969, akawapa wakomunisti uwaziri. Abdel Khaliq Mahjoub, katibu wa wakomunisti, alikataa chama chake kimezwe na serikali. Julai 1971, maofisa wa upande wa wakomunisti waliompindua Nimeiri walishika nchi siku tatu tu. Aliporudi, Abdel Khaliq akanyongwa, akanyongwa Joseph Garang, waziri mkomunisti, akanyongwa na Al-Shafie wa vyama vya wafanyakazi. Mkewe Al-Shafie alikuwa Fatima Ahmed Ibrahim, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Sudan, 1965. Mama huyo namheshimu sana. Usimwache kwenye tasnifu yako kwa kuwa vitabu vingi vinawataja wanaume. Wamisri wao 1965 walikivunja chama kwa mikono yao, wakamfuata Nasser, rais wao mwanajeshi.

Wala usiniambie hayo ni ya Waarabu. Umma, chama cha Abdulrahman Babu, kiliingia ndani ya chama tawala cha ASP 1964, hapa hapa kwetu Unguja. Karume alipouawa 1972, Babu akatiwa kizuizini mpaka 1978. Baba yako hapendi nikuandikie haya, anasema yameshapita.

Sikwambii uwadharau watu hao. Walitetea wafanyakazi na wakulima wakati wengine wamenyamaza. Na wameacha fikra. Hussein Mroué, mkomunisti wa Lebanon, alikwenda Najaf huko Iraki kijana kusomea dini, akaishia kuandika mijalada juu ya fikra za kimaada, yaani zinazoanzia kwenye vitu na maisha halisi, katika falsafa ya Kiislamu. Februari 1987 walimfuata nyumbani kwake Beirut wakampiga risasi, mzee wa zaidi ya miaka sabini. Mei ya mwaka huo huo akauawa barabarani Mahdi Amel, mkomunisti mwenzake na mwalimu wa chuo kikuu. Msome sana huyu. Anaonyesha kwamba ugomvi wa madhehebu Lebanon si maradhi ya kale, ni namna wenye mali wanavyotawala. Hakusubiri mkubwa amfikirie.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na unijibu kwa maandishi: huyo kiongozi wako mwema, akigeuka, nani atamtoa? Zamani ulikuwa ukiniuliza mimi maswali. Siku hizi unanijibu kabla sijamaliza. Shangazi yako nimemwonyesha barua yako ya kukubaliwa chuoni, kaisoma mara mbili, kaniomba nakala.

Koti la baridi chukua lile la kaka yako, la dukani ni ghali bure. Paa la jiko linavuja, fundi kaahidi kuja Alhamisi, pesa usitume, zishike za kodi ya chumba. Pasipoti itoe nakala mbili, moja muachie kaka yako.

Mama yako