Wenye ploti, kagueni kona za paipu kabla ya zege

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye ploti wa Nairobi, hasa walio na mjengo unaoendelea msimu huu wa baridi. Mimi ni mama, ni fundi wa stima, makao yangu ni Kayole, na kazi imenizungusha Utawala, Ruai, Kasarani hadi Githurai. Kila mteja huniuliza bei ya waya, ya swichi na ya soketi. Habari za paipu inayozibeba waya hizo ndani ya ukuta haziulizwi, maana plasta ikishapigwa hakuna anayeiona tena.

Fika kwenye mjengo wowote asubuhi ya Julai. Utakuta vijana wamewasha mfuko wa karatasi wa simiti ulioisha, na mmoja anageuza paipu ya plastiki ya milimita 20 juu ya ndimi za moto. Ikilegea anaikunja kwa mikono, anaimwagia maji ipoe, kisha anaenda kuifunga kwenye nondo za slabu. Ukiwa mbali utaisifu hiyo kona. Isogelee. Upande wa ndani umefanya makunyanzi na kubonyea, upande wa nje umevutika ukawa mwembamba, rangi imegeuka kahawia, na tundu lililokuwa duara limekuwa bapa.

Plastiki hii huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Moto wa karatasi umezipita mbali, tena hauna kipimo. Na moshi wa paipu iliyoungua sio moshi wa kuni: una gesi ya asidi, ndiyo ile inayowasha macho na kukwangua koo. Vijana wanaivuta wakicheka.

Madhara hayaonekani siku hiyo. Niliitwa Utawala kumalizia nyumba ambayo fundi mwingine alilaza paipu akaenda zake. Kuta zimepigwa plasta, jikoni vigae vimewekwa, mwenye nyumba anangoja stima tu. Tukaanza kuvuta waya za kuka, yaani jiko la stima. Zikaingia vizuri, kisha zikakwama. Mtu wa mkono akataka kuongeza nguvu, nikamkataza, tukazirudisha polepole. Ile ya kijani na manjano, yaani waya ya ardhi, ilikuwa imechunwa ganda mpaka shaba inaonekana. Paipu ya chuma inaweza kusaidia kupeleka hitilafu ardhini, lakini ya plastiki haipitishi chochote, kwa hiyo waya ya ardhi ndiyo tegemeo pekee. Iharibike kwenye kuka, au kwenye zile shawa za umeme ambazo sasa ziko kwenye mabafu mengi ya Nairobi, na siku hitilafu ikitokea volti 240 zitakuwa zinatafuta njia nyingine, pengine mwili wa anayeoga. Tulitoa tindo tukavunja vigae vipya, na kona tuliyoichimbua ilikuwa imebanwa hivi kwamba penseli haipiti.

Kuna kifaa cha kazi hii, nacho ni springi ya kukunjia, chuma kilichosokotwa kinachoingia ndani ya paipu na kuizuia isibonyee. Kila unene wa paipu una springi yake, na hapa ndipo wengi hupotezwa na muuzaji anayesema moja inatosha zote. Paipu nzito ina ukuta mnene, tundu lake ni dogo, kwa hiyo springi ya paipu nyepesi haiingii. Ukitumia ya paipu nzito kwenye nyepesi, itaelea ndani na kona itavunjika hata bila moto. Nenda dukani na kipande cha paipu yako mkononi, ujaribu pale pale.

Kona ikiwa katikati ya paipu, funga kamba kwenye kitundu cha springi, pima urefu kwa nje, uisukume hadi hapo. Asubuhi ya baridi plastiki huwa kavu na hupasuka upesi, basi isugue kwa kitambaa mpaka kiganja kihisi vuguvugu. Weka mahali pa kona kwenye goti, ushike pande zote mbili mbali kidogo na goti, uvute bila haraka. Ipitishe kidogo pembe unayotaka, kwa sababu ukiiachilia inarudi nyuma. Kutoa springi ndiko kunakowashinda wanafunzi wangu: wanaivuta kwa nguvu mpaka inanyooka na kuharibika. Izungushe kwanza upande unaoikaza ili ipungue unene, itateleza yenyewe. Kipimo ninachofuata ni kwamba nusu kipenyo cha upinde wa ndani wa kona, kikipimwa kutoka kitovu chake, kisipungue mara nne ya kipenyo cha nje cha paipu: milimita 80 kwa paipu ya 20. Na kati ya boksi na boksi, vile visanduku vya kuungia waya, sitaki zaidi ya kona mbili za pembe mraba.

Paipu ya milimita 25 nayo hukunjwa hivyo hivyo. Kwenye 32 ndipo joto linahitajika, na hata hapo springi iko ndani na joto ni la mashine ya hewa moto au la maji yaliyochemka. Hapa kwetu nyanda za juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, bado yanatosha kabisa.

Wapo watakaosema, mama, kanunue kona zilizotengenezwa kiwandani. Zile pana hazina ubaya, ila kila moja ina maungio mawili ya gundi, na kwenye slabu watu wanakanyaga na toroli zinapita. Ungio likiachia, uji wa simiti unaingia, unaganda, na hiyo njia imekwisha. Zile elbo fupi za pembe kali usizizike ukutani kamwe. Waya hazipendi kugeuzwa ghafla, na ukikwama huna pa kufungulia.

Sasa kwa nini vijana, ambao wengine wanajua springi, bado wanawasha karatasi? Mimi siwalaumu wao peke yao. Kazi ya stima jijini huhesabiwa kwa pointi: taa ni pointi, swichi ni pointi, soketi ni pointi. Kona haina bei. Aliyekunja kona zake kwa goti siku nzima na aliyezichoma kabla ya chai ya saa nne wanalipwa sawa, na wa pili ameshaenda mjengo mwingine. Juu ya hapo, mara nyingi anayelaza paipu siye atakayevuta waya, kwa hiyo ubaya wa kona hautamkuta yeye.

Msidhani pia cheti kitawaokoa. Ni kweli fundi anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na Kenya Power hutaka cheti cha kazi kabla ya kuunganisha. Lakini kipimo cha mwisho hupima waya. Waya iliyojeruhiwa bila kugusana na nyingine inaweza kupita leo, na paipu yenyewe wakati huo iko ndani ya ukuta.

Ninachopendekeza kwa mwenye ploti ni kutenga malipo. Bei ya kulaza paipu iwe peke yake, bei ya kuvuta waya peke yake, na ya kwanza ilipwe baada ya ukaguzi. Siku moja kabla ya zege, pita juu ya slabu na fundi wako. Ukiona kona ya kahawia au yenye makunyanzi, ikatwe iwekwe nyingine, saa hiyo hasara ni ya kipande cha paipu tu. Halafu waya ya kuvutia ipitishwe kila njia, boksi hadi boksi, ukishuhudia, na midomo yote izibwe kwa karatasi. Ukuta uliochongwa ukaguliwe vivyo hivyo kabla ya plasta.

Mimi nimeanza kuliandika hilo kwenye makubaliano na wateja. Wengine hawana muda wa kutoka kazini mjini hadi Ruai, nao nawatumia video ya waya ikitokeza upande wa pili wa kila paipu. Foremani anajua kwamba mchanganyo wa zege hauanzi kabla mwenye nyumba hajajibu.

Fundi wa stima,
Kayole, Nairobi