Ushabiki sawa, ila tusigeuke mawakili wa matajiri

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana kule kwenye michezo kumejaa usajili tu, nani kasaini nani kagoma, ila hela inatoka wapi hamgusi kabisa.

Mi ni Arsenal tangu enzi za Henry na sina mpango wa kuhama. Ila kuna wiki ilinikaa vibaya sana. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wanaingia Goma, mashariki ya Kongo, wanajeshi wetu wawili wa JWTZ waliokuwa kule na kikosi cha SADC wakapoteza maisha, Jumapili tarehe 2 Februari sisi tunaitandika Manchester City 5-1 na kwenye mkono wa jezi pameandikwa Visit Rwanda, tangazo la utalii linalolipiwa na Rwanda, halafu Jumamosi yake wakuu wa Afrika Mashariki na SADC wanakutana hapahapa Dar kujadili vita hiyohiyo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kibao kwamba jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23, Kigali wanakana. Waziri wa mambo ya nje wa Kongo akaziandikia Arsenal, PSG na Bayern waachane na huo udhamini. Ukigusia hilo kijiweni unaambiwa bro leta mpira acha siasa.

Utetezi wa kwanza kila siku ni huu, sisi tuko mbali, hela yetu haifiki London, jezi yenyewe feki ya Kariakoo. Hapo ndo nakataa. Anayelipia tangazo hana shida na elfu kumi na tano yako, anataka macho ya watu, na jezi feki inamtangaza sawasawa na orijino tena wewe unamtangazia bure. Na Kariakoo hiyohiyo imejaa wafanyabiashara wa Kikongo wanaokuja kufunga mzigo, unapishana nao kifua mbele na hilo neno begani, na wengine ni Arsenal wenzako.

Utetezi wa pili ni kunyoosheana vidole. Mbona City ya Sheikh Mansour wa Abu Dhabi, mbona Chelsea ya yule tajiri wa Kirusi Abramovich. Kweli, Machi 2022 pale Burnley watu wanaipigia makofi Ukraine, mashabiki wa Chelsea wakaanza kuimba jina la Abramovich, mpaka kocha wao Tuchel akasema huo haukuwa wakati wake, na siku chache mbele Uingereza ikamwekea Abramovich vikwazo. Lakini ubaya wa Chelsea unanisafisha mimi kivipi?

Newcastle ndo kesi ngumu kuliko zote. Oktoba 2021 mfuko wa serikali ya Saudia unachukua asilimia 80, miaka mitatu tu baada ya mwandishi wa habari wa Kisaudi Khashoggi kuuawa kwenye ubalozi mdogo wao Istanbul, na watu wanacheza nje ya uwanja wengine wamejifunga vilemba vya Kiarabu. Mimi siwalaumu kucheza, wametoka kwenye miaka 14 ya mmiliki wa zamani Mike Ashley waliyemchoka, kombe la mwisho la nyumbani lilikuwa 1955 hadi walipokuja kuifunga Liverpool fainali ya Kombe la Ligi (Carabao) 2025. Kumwambia mtu wa hivyo akatae tajiri ni kumuonea bana. Ninachoshindwa kuelewa ni shabiki wa Newcastle wa Sinza, hajawahi hata kuiona Riyadh, anakesha kwenye magrupu ya WhatsApp anamtetea mwanamfalme wa Saudia utadhani kalipwa posho. Shangilia goli, aliyetoa hela aachie wanasheria wake wamtetee, anao wa kutosha.

Mbona London wameweza. Kuna wenzetu wanajiita Gunners for Peace, walitengeneza vitambaa vya kufunika lile tangazo mkononi vimeandikwa Visit Tottenham, yani Arsenal mzima anakubali kuitangaza Tottenham, mahasimu wetu wakubwa, fikiria hasira yake! Hawakuhama timu na hawakunyamaza, na Novemba 2025 klabu ikatangaza mkataba unaishia msimu wa 2025/26.

Huku kwetu sasa ndo balaa. Serikali ilishasema hisa za klabu ni wanachama asilimia 51, mwekezaji 49, lakini simama kwenye tawi la Simba uulize zile bilioni 20 za mwekezaji wao Mo Dewji, au la Yanga uulize mambo ya mdhamini wao GSM, hujamaliza sentensi ushaitwa msaliti, umetumwa na wa upande wa pili. Sisemi kuna mtu kala hela. Nasema anayeuliza hesabu za timu yake anazomewa na wanachama wenzie, tajiri mwenyewe wala hajafungua mdomo.

Kwa hiyo Mhariri msimu ujao kabla ya ligi kuanza tupeni kurasa mbili tu, kila timu ya Ligi Kuu nani anaimiliki, kalipa ngapi na nani kakagua hesabu, hata kama mtaondoa lile tangazo kubwa la kubeti siku hiyo.

Gunner wa Tandika, Dar es Salaam