Asante, dada msanifu majengo

Sikupata jina lako, dada, ila shukrani hizi ni zako. Chuoni nilifundishwa kuchora jengo likapendeza. Wewe ukanionyesha jinsi linavyojengwa. Uliinamia mchoro wangu wa ngazi, ukanieleza kwa upole: kimo cha vidato viwili ukijumlisha na upana wa kidato kimoja, yaani pale mguu unapokanyaga kutoka mbele hadi nyuma, ipatikane kama sentimita 60 hadi 64, ndipo mguu upande bila kujikwaa. Kisha ukanisihi niende saiti, niwasikilize mafundi, na nitunze kumbukumbu za mafunzo kazini kwa ajili ya mtihani wa kusajiliwa kuwa msanifu majengo, maana shahada peke yake haitoshi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo waziwazi! Sasa nimesajiliwa. Mungu akuzidishie, dada yangu.